Mashine ya theluji nyuma ya trekta dogo: upana, propela na mpira wa feni

Ukinunua nyumba ya shamba huku Maine, Marekani, wenyeji watakuonyesha ghala, kisima na miti ya maple. Hakuna atakayekupimia urefu wa njia kutoka barabarani hadi mlangoni. Yangu ina mita 180. Majira ya baridi ya kwanza nilimlipa kijana mwenye pikapu yenye sepeto mbele, na hadi Februari alikuwa amesukuma theluji mpaka pa kuisukumia pakaisha: kuta mbili pande zote, na katikati kinjia ambacho bajaji ingepita kwa kubana. Sepeto husukuma. Mashine ninayoizungumzia hapa hurusha, tena mbali, na ndiyo maana nikaitafuta.

Kama tayari unalo trekta dogo la nguvu za farasi 25 hadi 35, ile ya kufunga nyuma ndiyo rahisi zaidi mfukoni. Ya mbele ni tamu kuendesha, lakini inadai fremu yake na mfumo wa kupeleka nguvu mbele, na bei yake inaumiza. Ya nyuma inakaa kwenye mikono mitatu ileile inayobeba plau na kuzungushwa na PTO, yaani shafti ya nyuma ya trekta inayotoa nguvu za injini, kwa mizunguko 540 kwa dakika. Utailipa kwa shingo, maana unaendesha kinyumenyume huku umegeuza kichwa saa nzima. Zipo zilizogeuzwa mdomo ili uendeshe kwenda mbele, ila matairi hupita juu ya theluji kwanza na kuishindilia kabla mashine haijaifikia. Theluji ya kifundo cha mguu, sawa. Ikifika magotini, trekta linaogelea. Mimi nilichagua kuumwa shingo, baadaye nikafunga kamera ndogo ya kurudi nyuma kama ya gari, na maumivu yakapungua nusu.

Sasa upana, ambapo wengi huponzwa na tamaa. Mashine lazima ifunike matairi ya nyuma, kwa hiyo pima kutoka ukingo wa nje wa tairi moja hadi wa jingine, uongeze vidole vichache kila upande. Baada ya hapo simama. Kipimo cha wazoefu ni nguvu 5 za farasi kwa kila futi ya upana, na wanahesabu nguvu za kwenye PTO. Trekta linalotangazwa kuwa la farasi 25 hubaki na kama 19 hivi nyuma. Mashine ya futi 5 kwenye trekta hilo itameza theluji kavu ya Januari bila shida, halafu Machi ije ile nzito yenye maji, injini ianze kukohoa. Ukilazimika kuchukua pana kidogo kwa sababu ya matairi, uwe na gia ya haidroliki inayokuruhusu kutambaa huku PTO ikizunguka kwa kasi yake kamili. Kwenye trekta la gia za kawaida, hakikisha lina gia ya kobe, ile ya kutambaa polepole kabisa.

Ya mtumba tafuta Julai, watu wanapowaza samaki na nyama choma. Zungusha kwa mkono skrubu, ile kubwa ya mdomoni inayokusanya theluji, usikilize beringi. Fungua kizibo cha giaboksi: oili yenye rangi ya maziwa imeingia maji. Halafu chungulia matundu ya bolti za kukatika. Yakiwa yamepanuka kama yai, aliyekuwa nayo aliweka bolti ngumu, na huenda shafti imeshajipinda.

Hizo bolti zimetengenezwa zikatike ili giaboksi ipone. Najua kwa sababu niliwahi kujifanya mjanja. Greda la manispaa lilikuwa limeacha tuta la barafu mdomoni mwa njia yangu, nikakata bolti tatu asubuhi moja, ya nne nikaweka niliyoikuta kwenye kopo. Kichwani ilikuwa na mistari sita, yaani ngumu kuliko zote za kawaida. Zile laini huwa hazina mstari hata mmoja. Bolti haikukatika. Kilichokatika kilinigharimu wiki mbili za kusukuma koleo. Sasa nina dazeni ya bolti sahihi, kama kitabu cha mashine kinavyotaka, chini ya kiti, na tuta la greda nalivunja kwanza kwa ndoo ya mbele. Ndoo hiyo usiivue hata kidogo: mashine ya nyuma ni nzito, na bila kitu mbele usukani unakuwa mwepesi kama wa baiskeli.

Propela, yaani shafti inayounganisha PTO na mashine, mara nyingi huja ikiwa ndefu mno. Inua na ushushe mikono taratibu, injini imezimwa, uone pale inapobana zaidi. Ikigota mwisho, itasukuma beringi za trekta lako. Kata bomba la ndani, la nje na vifuniko vyake vya plastiki kwa kipimo kimoja, piga tupa, paka grisi. Inapovutika zaidi, mabomba yabaki yameingiliana angalau theluthi moja. Vifuniko virudishe, shafti hiyo hukamata mkono wa koti kabla hujaita mama.

Marekebisho yenye faida kuliko yote ni mpira. Kati ya mapanga ya feni inayorusha theluji na kuta zake huwa kuna nafasi ya kidole, na theluji ya maji hupitia hapo badala ya kuruka. Chukua mkanda mnene wa kusafirishia mizigo viwandani, wenye nyuzi ndani, ukate vipande vya uzito sawa, kila panga lipate chake ili feni isiyumbe. Toboa, weka bamba la chuma juu ya mpira, kaza kwa nati za kujifunga. Mpira uguse ukuta kwa shida. Zungusha kwa mkono mzunguko mzima kabla ya kuwasha. Dakika za mwanzo utasikia harufu ya mpira, kisha inakaa. Uji wa Machi uliokuwa ukidondoka mita mbili unaruka hadi kwenye miti.

La pili ni bomba la kurushia. Mkono wa kuzungusha wa kiwandani unakulazimu ujinyonge nyuma. Mota ya waipa ya volti 12 inaligeuza vizuri, na mkono wa umeme wa kusukuma na kuvuta unainamisha kofia yake. Weka fyuzi. Utalihitaji bomba hilo ukifika barabarani, kwa kuwa Maine, Minnesota hata Ontario ni kosa kumwaga theluji yako kwenye barabara ya umma.

Bomba likiziba, zima injini, toa ufunguo, subiri feni isimame, kisha tumia fimbo. Mkono kamwe.

Kabla ardhi haijaganda, simika fimbo za rangi kando ya njia, na shusha viatu vya mashine, vile vyuma inavyotelezea, ili mdomo wake uinuke inchi moja na usirushe kokoto kwenye madirisha. Zunguka uokote kila kitu. Mimi nilisahau mpira wa maji wa bustani, nikakesha nikiukata kwa kisu kutoka kwenye skrubu, nimelala chali kwenye theluji na tochi mdomoni.