Namna ya kujua kama timu yako ya chuo inafungwa kwa bahati mbaya au kocha ndo tatizo

Wakuu, kila msimu ukianza huku Marekani naona watu wanarukia jambo moja tu, timu imefungwa mbili basi kocha afukuzwe, ukimuuliza kwa nini anakwambia "si unaona wenyewe?" Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo hivyo. Naishi Omaha, na ukikaa jimbo la Nebraska hii timu ya chuo kikuu huikwepi hata ufanyeje, jimbo zima halina timu ya NFL, ile ligi ya kulipwa, kwa hiyo Jumamosi watu wote wamevaa nyekundu, kuanzia kinyozi hadi mchungaji, na kule Lincoln, mji wenye hicho chuo, uwanja wao tiketi zinauzwa zote kila mechi tangu 1962. Tangu 1962! Timu inafungwa na watu wanajaa vilevile. Nilivyoanza kuwafuatilia nikakuta wanateseka kweli kweli, ikabidi nijifunze kuchambua, maana kulalamika peke yake kunachosha.

Hapa naeleza ninavyofanya. Mfano wangu ni Nebraska ya Scott Frost, kocha wao wa zamani, kwa sababu sijaona darasa zuri kuliko lile, ila unaweza kutumia kwa timu yoyote.

Kwa ambaye hajawahi kuutazama huu mpira wa Kimarekani: timu inapewa nafasi nne, zinaitwa dauni, kusogea yadi 10, ikifanikiwa inapewa nne nyingine. Ukifika mwisho wa uwanja ni tachidauni, pointi 6, na mkwaju wa nyongeza pointi 1. Ukikwama unaweza kupiga kati ya zile nguzo upate 3, au unaupiga mbali kwa mguu ili adui aanzie kwao huko, hiyo ndo panti. Ukikamatwa na mpira ndani ya eneo lako la mwisho adui anapata 2, hiyo ni sefti. Inatosha, mengine utayaelewa njiani.

Chukua daftari. Simu itakuchanganya, utaingia kusoma matusi ya mashabiki. Kabla ya chochote andika kila mechi waliyofungwa na tofauti ya pointi, basi, usiandike maoni. Nilipofanya hivyo kwa msimu wa 2021 nilishtuka. Nebraska walishinda 3 wakafungwa 9, ukisikia hivyo unasema hii takataka. Lakini zile 9 walizofungwa ziliandikwa hivi: 8, 7, 3, 3, 7, 5, 9, 7, 7. Hakuna hata moja waliyopigwa kwa pointi kumi! Michigan waliwafunga kwa 3, Ohio State kwa 9, na hizo ni timu kubwa kweli. Ukijumlisha pointi zote za msimu Nebraska walifunga 63 zaidi ya walizofungwa, timu ya 3-9 hiyo. Ila tulia, usikimbilie kusema walionewa na bahati, maana zile mechi tatu walizoshinda waliwabonda Fordham 52-7, Buffalo 28-3 na Northwestern 56-7, hizo peke yake ni 119, kwa hiyo ile 63 inapendeza kwa sababu ya vibonde. Ndo maana nasema andika mechi moja moja, jumla inadanganya.

Sasa hapa ndo penye utamu, na watu wengi ndo wanaparuka. Kwa kila mechi iliyoisha kwa tofauti ndogo, jiulize pointi zilizowazidi zilitoka wapi, na kama ni zawadi waliyoitoa wenyewe iandike kwenye safu yake. Zawadi ni mpira kudondoshwa, pasi kudakwa na adui, faulo ya kijinga kwenye dauni ya tatu, na hasa hasa mambo ya kile kikosi maalum, yaani wale wanaoingia tu mpira unapopigwa kwa mguu. Kikosi maalum mashabiki hatukiangalii, ndo muda wa kwenda kuchukua soda. Angalia kilichotokea 2021:

Mechi ya kwanza kabisa, Illinois, beki wa Nebraska anasubiri panti, mpira unadondokea mlangoni kwake kabisa, badala ya kuuacha ujiendee akaudaka, akabanwa, akautupa, sefti. Pointi 2 za bure, na mechi wakafungwa 30-22.

Oklahoma, wamefunga tachidauni vizuri tu, umebaki mkwaju wa pointi 1, adui akauzuia, akauokota akakimbia nao uwanja mzima, akapewa yeye 2. Mechi ikaisha 23-16. Yaani unafunga wewe halafu anafaidi mwenzio.

Michigan State, hii iliniuma mpaka leo. Wanaongoza 20-13, zimebaki dakika chache, na difensi yao kipindi cha pili ilikuwa moto, wale jamaa hata fesiti dauni moja, yaani kutimiza zile yadi 10, hawakuipata. Ikabidi Nebraska wapige panti. Wachezaji wote wa kumzuia mdakaji wamekimbilia upande mmoja, mpira umepigwa upande wa pili. Jayden Reed wa Michigan State akaudaka akiwa peke yake kama yuko shambani kwao, yadi 62, tachidauni, sare. Muda wa nyongeza wakafungwa 23-20.

Na Iowa mwisho wa msimu, wanaongoza 21-6 kipindi cha pili, panti ikazuiwa ikageuzwa tachidauni, kuanzia hapo wakasambaratika, 28-21.

Mechi nne hizo, na kila moja ina kosa la mpira unaopigwa kwa mguu. Sasa swali, hiyo ni bahati mbaya au ni kocha? Kipimo changu ni kimoja: kosa linarudia sehemu ileile kwa watu tofauti? Akidondosha mpira mchezaji mmoja mara tatu, tatizo ni mikono yake, mpumzishe. Lakini mdakaji akikosea wiki hii, wanaoukinga mkwaju wiki nyingine, mpigaji na wakimbiaji wake hawaelewani wiki inayofuata, halafu kinga ya panti ikavunjika mwisho wa msimu, hao wote hawakupatana kufanya uzembe, wanachoshirikiana ni mazoezi. Hapo unamtazama anayewafundisha, na anayepanga nani afundishe nini kwa muda gani ni kocha mkuu. Msimu ulipoisha ndo wakampa Bill Busch kazi ya kusimamia hicho kikosi. Nilipoisoma hiyo habari nilicheka peke yangu kwenye basi.

Kingine, jifunze kutoangalia mpira. Najua ni ngumu, kamera inaufuata mpira na macho yanaufuata. Mimi marudio nayaangalia kwenye laptop, nimekata kipande cha boksi la mayai nakiegesha kwenye skrini kinaziba yule kwotabeki, yaani mwongozaji anayetupa pasi, na nyuma yake kote, nabaki nawaona wale watano wakubwa wa mbele tu. Jamaa ninayekaa naye, Mkongo wa Bukavu, mara ya kwanza alinikuta hivyo akasimama mlangoni akaniuliza "kaka, televisheni imeharibika?" Lakini jaribu, utaona vitu. Mpira ukianza, hesabu moja, mbili, tatu. Kama wale watano wamepinda magoti na wanasukuma, kazi ipo. Kama mmoja kasimama wima na anarudi kinyumenyume huku anageuza shingo kumtafuta mtu aliyempita, basi kwotabeki wako atakimbizwa, na atakapotupa pasi mbovu watu watamtukana yeye. Adrian Martinez, kwotabeki wa Nebraska, alitukanwa sana Lincoln. Ni kweli alikuwa anadondosha mpira, ile ya Michigan wako sare 29-29 aliporwa dakika za mwisho kabisa, Michigan wakapiga ya 3, Nebraska wakafungwa 32-29, siwezi kumtetea hapo. Lakini ziba skrini uangalie laini yake halafu urudi tuongee.

Benchi nalo liangalie, ila angalia maamuzi, achana na sura. Kocha kupiga kelele au kununa haina maana yoyote. Unachoandika ni dakika, matokeo yalivyokuwa, na alichoamua, halafu ujiulize kama uamuzi ungekuwa sahihi hata ungefeli. Mfano mzuri ni Dublin, tarehe 27 Agosti 2022, Nebraska na Northwestern wamepelekwa kucheza Ireland. Nebraska wanaongoza 28-17, mambo yanawaendea vizuri, Frost akaamua kuanzisha kwa onsaidi kiki, yaani unaupiga mpira mfupi ili uuwahi wewe mwenyewe. Hiyo ni dawa ya mtu aliyezidiwa na hana muda! Ukiukosa unampa adui uwanja mfupi, na ndivyo ilivyokuwa, Northwestern wakauchukua, wakafunga, wakashinda 31-28. Msimu ule mzima Northwestern walishinda mechi moja tu kati ya 12, na ni hiyo. Sasa hata ingefanikiwa ningeandika alama ya mshangao, maana alijiweka kwenye hatari asiyoihitaji. Tofautisha na kocha anayejaribu dauni ya nne akiwa nyuma halafu akakwama, huyo mwache, alikuwa anatafuta.

Halafu angalia wanamfukuza nani. Hili ni la ofisini lakini linasema mengi. Novemba 2021 walifukuzwa makocha wasaidizi wanne wa ofensi kwa mpigo, Frost akabaki kwa mkataba uliopunguzwa. Unaona ilivyo, ile safu yangu ya zawadi ilikuwa imejaa mambo ya kikosi maalum na fagio likapita kwenye ofensi. Msimu uliofuata sasa difensi nayo ikaachia, tarehe 10 Septemba 2022 Georgia Southern walikuja Lincoln wakachukua yadi 642 na ushindi wa 45-42, kesho yake Frost akaondolewa. Kulikuwa na kipengele kwamba wakisubiri hadi tarehe 1 Oktoba fidia ya kuvunja mkataba inashuka kutoka kama dola milioni 15 hadi nusu yake. Hawakusubiri. Wiki tatu tu wameona heri walipe milioni saba na nusu za ziada kuliko kumvumilia! Na huyu ni mtoto wa nyumbani, kwotabeki wa timu iliyochukua ubingwa 1997, na kule UCF, chuo cha Florida, 2017 alimaliza 13-0 bila kufungwa akiwa kocha. Ndo maana usimpime kocha kwa CV pekee, alikuwa anajua mpira, hilo sina ubishi nalo, kilichomshinda ni vile vitu vidogo kila wiki.

Kuna hatua moja ya mwisho na karibu kila mtu anairuka kwa sababu ameshafurahi kocha kaondoka. Daftari usilitupe. Endelea kuandika chini ya kocha mpya, safu zilezile, kwa sababu hapo ndo unajua kama uchambuzi wako ulikuwa sawa au ulikuwa na hasira tu.

Mimi nilijiaminisha kabisa kwamba ugonjwa ni Frost. Akaja Matt Rhule, 2023 wakafika 5-3, wanahitaji ushindi mmoja tu katika mechi nne wacheze bakuli, zile mechi za mwisho wa mwaka. Wakafungwa zote nne. Michigan State 20-17, Maryland 13-10, Wisconsin 24-17 muda wa nyongeza, Iowa 13-10 kwa mkwaju wa sekunde ya mwisho. Nikakaa na daftari jikoni nikaona namba zinafanana na za 2021 kama pacha, kocha mwingine! Lakini nilipoangalia safu ya zawadi ikawa tofauti. Safari hii kikosi maalum hakikuwa na lawama nyingi, difensi ilikuwa inazuia vizuri sana, mtu anakufunga 13 tu unataka nini tena, zawadi karibu zote zilikuwa mpira kuporwa na pasi kudakwa, na kwotabeki walibadilishwa badilishwa kama nguo. Kwa hiyo sikuandika "kocha aondoke," niliandika "watafute kwotabeki." 2024 wakamchezesha kijana wa mwaka wa kwanza, Dylan Raiola, wakamaliza 7-6 wakashinda bakuli New York dhidi ya Boston College 20-15, bakuli yao ya kwanza tangu msimu wa 2016.

Na hata msimu huo kurasa za Oktoba na Novemba zina wino mwekundu mwingi, mechi nne mfululizo wamefungwa. Mkongo wangu sa hivi ana daftari lake, tunabishana safu ya faulo, yeye anasema faulo za kuanza kabla ya mpira ziandikwe kwa kocha, mimi nasema za ugenini zisihesabiwe kwa sababu kelele za uwanjani hazimruhusu mtu kusikia hata jina lake.