Ile keki ya mahindi ya Chi-Chi's, jipikie mwenyewe nyumbani

Kama uliishi Marekani kabla ya 2004 labda uliwahi kula Chi-Chi's, ile migahawa ya chakula cha Kimeksiko iliyoanzia Richfield, Minnesota mwaka 1975. Walioianzisha ni Marno McDermott na Max McGee, na huyu McGee ndiye yule mchezaji wa Green Bay Packers, timu ya futiboli ya Kimarekani, aliyefunga tachidauni (kama goli la mchezo huo) ya kwanza kabisa kwenye historia ya Super Bowl, fainali yao kubwa, sasa sijui mtu anatokaje huko anaishia kwenye biashara ya enchilada lakini ndo hivyo. Watu wengi waliokula pale wanakumbuka aiskrimu ya kukaanga, mimi naikumbuka ile keki ya mahindi, kale kabonge ka njano waliokuwa wanakachota na kijiko cha aiskrimu na kukaweka pembeni ya sahani karibu na wali na maharage.

Migahawa yenyewe ikafungwa huko Marekani. Oktoba 2003 kampuni ilikuwa tayari imeenda mahakamani kwa kufilisika, mara ukalipuka ugonjwa wa homa ya ini aina A kwenye tawi la Monaca, Pennsylvania, zaidi ya watu 600 wakaumwa na wengine wakafariki, chanzo kikaonekana ni majani ya vitunguu yaliyotoka Meksiko. Mwaka uliofuata wakafunga matawi yote yaliyobaki Marekani. Salsa yenye jina lao (ile sosi ya nyanya na pilipili) bado iko madukani, ila keki ukiitaka ingia tu jikoni.

Kwanza tuelewane, inaitwa keki lakini usitegemee kitu cha kukata na kisu kwenye birthday. Ni laini, inakaribia uji mzito ulioshikana, ndani unakutana na punje za mahindi zilizovunjika nusunusu. Ikitoka kavu kama mkate umeikosa.

Vitu vyenyewe: siagi gramu 115 (nusu kikombe), unga wa masa theluthi ya kikombe, maji robo kikombe, mahindi matamu ya njano kikombe kimoja na nusu, unga wa mahindi wa kawaida robo kikombe, sukari theluthi ya kikombe, krimu nzito vijiko viwili vya chakula, chumvi robo kijiko cha chai, beking pauda nusu kijiko cha chai. Basi.

Sasa hapo kwenye masa ndipo watu wetu wanapochemka. Mtu anaona unga wa mahindi anasema aah si sembe tu hii, anaweka sembe yote halafu analalamika haina ile ladha. Masa ni mahindi yaliyochemshwa na chokaa ya chakula kwanza, yakalowekwa, yakaoshwa maganda, ndo yakasagwa, na hiyo chokaa inabadilisha harufu na inafanya unga ushikane wenyewe ukigusa maji. Weka maji kidogo kwenye sembe uone, haishikani mpaka uipike, masa unaifinyanga hapohapo na mkono. Marekani iko karibu kila supamaketi, tafuta chapa ya Maseca, pakiti kubwa bei ya kawaida. Nyumbani Afrika Mashariki ni kazi kuipata, ukiwa na ndugu anayekuja mwagize. Ule unga wa kawaida robo kikombe ndio unaweza kuwa sembe, na ukipata iliyosagwa chengachenga kidogo ni bora zaidi.

Mahindi nayo, msitumie yale meupe tunayochoma barabarani, yana wanga mwingi na keki itakuwa ngumu. Chukua yale matamu ya friza uyaache yayeyuke, au ya kopo umwage maji yake yote.

Piga siagi iliyolainika (isiwe imeyeyuka) na mikisa au mwiko mpaka iwe nyeupenyeupe na nyepesi, kisha weka masa na maji uendelee kupiga mpaka ishikane. Mahindi yatie kwenye blenda, bonyeza zima bonyeza zima, usiiachie ikazunguka maana ukipata uji mtupu umepoteza zile punje na zile ndo utamu wenyewe, halafu changanya na siagi. Bakuli lingine koroga unga wa kawaida, sukari, chumvi, beking pauda na krimu, mimina kule kwenye siagi, changanya mpaka vikutane tu usipige sana.

Mimina kwenye chombo cha oveni cha sentimita 20 kwa 20, sawazisha, funika na foili uikaze pembeni. Kiweke ndani ya trei kubwa zaidi, mimina maji ya moto kwenye trei yafike kama theluthi ya urefu wa chombo, ingiza oveni nyuzi 180 (350 za Kimarekani) dakika 50 hadi saa nzima. Hayo maji usiyaruke, ndiyo yanazuia kingo zisikauke kabla ya katikati kuiva. Ikiwa tayari katikati haichezi tena ukitikisa chombo, ila ukigusa bado ni laini. Itoe, iache kama dakika 10 ndo uchote.

Na kwa sababu imefunikwa na inapikwa kwa mvuke, haitakiwi kubadilika rangi juu, kwa hiyo asiye na oveni asikate tamaa. Sufuria kubwa, maji kidogo chini, kitu cha kuinua chombo, mfuniko, moto mdogo, na uwe unachungulia maji yasiishe, unapata kitu kilekile kabisa.

Wao waliiweka na vyakula vya pilipili, na ni kweli utamu wake unataka kitu kikali pembeni, mimi naila na maharage yenye pilipili ya kutosha au kuku wa kuchoma na kachumbari yenye ndimu nyingi. Ikibaki weka kwenye friji, siagi itaganda na keki itashika vizuri, asubuhi ikate vipande ukaange pande zote mbili mpaka iwe kahawia, unywe na chai ya rangi.