Besi ya kuzeeshwa: kagua shingo kwanza, mikwaruzo baadae

Besi yangu ya kwanza ya kuzeeshwa, yaani gitaa la besi lililochakazwa makusudi lionekane la kizamani, nilinunua kwa kuangalia picha tu. Rangi imemenyeka pale mkono unapopita, vyuma vimeshika kutu kidogo, plastiki imekuwa njano kama meno ya mvuta sigara, nikasema hii ndo yenyewe. Imefika, naicheza, kila noti kuanzia freti ya 15 (freti ni vile vyuma vyembamba vilivyolala kwenye shingo) kwenda mbele inakwaruza, kumbe mwisho wa shingo umenyanyuka pale inapoungana na bodi na tatizo hilo hata ukaze ule msumari wa shingo (chuma kirefu kilichofichwa ndani yake cha kuinyoosha) mpaka uchoke haliondoki, linataka fundi ang'oe freti asawazishe mbao. Kwenye tangazo muuzaji aliandika "imezeeshwa kitaalamu", na kweli, kuzeeka ilikuwa imezeeka. Kwaiyo ninachokwambia hapa kinatoka kwenye kidonda, mikwaruzo utaiweka mwenyewe jioni moja na kipande cha msasa ila shingo mbovu hutaiweza.

Kwanza ujue unanunua nini maana watu wanachanganya vitu vitatu. Kuna besi kongwe kweli, kuna ambayo imezeeshwa kiwandani kwa makusudi, alafu kuna ambayo imetupwa stoo ikaliwa na unyevu na mwenye nayo anaiita vintage. Hii ya kuzeeshwa kiwandani ilipata jina kubwa 1995 pale Fender Custom Shop, karakana maalumu ya kampuni ya magitaa ya Fender, walipotoa magitaa ya Relic, baadae 2009 Fender hao hao wakaleta Road Worn ambayo ilikuwa ya bei ya chini zaidi, na siku hizi kampuni kibao zinafanya. Nyingi zinaiga miundo miwili tu ya besi za Fender, Precision ambayo ilitoka 1951 na Jazz ya 1960. Ukishika Precision angalia pikapu yake (ile sumaku chini ya nyuzi inayonasa sauti), kama ni ile iliyogawanyika vipande viwili ni muundo wa kuanzia 1957, vipande hivyo vinafuta mvumo vyenyewe na pikapu za kubadilisha zipo tele. Ukikuta kipande kimoja kilichonyooka huo ni muundo wa 1951, mtamu ila unavuma ukisogea karibu na taa au kompyuta, na pikapu za kugawanyika haziingii bila kuchimba mbao.

Mtu akikwambia ni kongwe halisi na bei yake inaendana na maneno hayo, mwambie afungue uone chini ya poti, vile vifaa vilivyo chini ya vitufe vya kuzungusha vya volyumu na toni. Poti za zamani zina namba zimegongwa kwenye chuma, tarakimu za mwanzo ni kiwanda (137 ni CTS, 304 ni Stackpole) alafu zinafuata za mwaka na wiki, kwa mfano 1376632 maana yake CTS, mwaka 1966, wiki ya 32. Namba hizo hazithibitishi kila kitu maana poti zinabadilishwa, lakini besi "ya 1964" yenye poti za 1978 ina maswali ya kujibu. Angalia pia risasi ya kuunganishia nyaya iliyochomewa, kama inang'aa na imemwagika mwagika ujue kuna mtu alipita hapo juzi.

Sasa shingo, hapa usiwe na haraka. Shika besi uangalie kutokea kwenye briji (pale nyuzi zinapoanzia kwenye bodi) kuelekea kichwani kwa jicho moja, kama mtu anavyoangalia ubao umenyooka, pande zote mbili zinatakiwa ziende sambamba, upande mmoja ukizama kuliko mwingine shingo imejipinda kama kamba, iache hapo hapo. Alafu bana uzi mnene wa E kwenye freti ya kwanza na kwenye freti ya mwisho kwa wakati mmoja, uangalie nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya 7 au 8. Ikiwa kama milimita 0.3, yaani karibu na unene wa bizinesi kadi, safi sana. Ikizidi inarekebishika mradi ule msumari unazunguka, na hapa ndo pana mtego, besi nyingi za muundo wa zamani sehemu ya kukaza iko chini ya shingo ndani ya bodi, huioni mpaka ufungue shingo, kwaiyo muulize muuzaji kama inazunguka na akutumie hata video. Cheza noti moja moja kila freti, kila uzi, taratibu. Ukikuta noti inakufa mapema kwenye uzi wa G maeneo ya freti ya 5 mpaka 7 usishtuke sana, besi nyingi za shingo ya kufungwa kwa skrubu zina ugonjwa huo, mi naangalia tu isiwe imekufa kabisa. Mwisho vaa mkanda usimame, uachie mikono. Kichwa kikianguka chini na wewe unapiga masaa matatu kwa siku bega litakuja kukudai.

Rangi nayo ina siri yake. Zamani walipaka nitro (vanishi ya nitroselulosi), ni laini, inageuka njano, inapasuka nyufa nyembamba ikipata baridi la ghafla na inakwisha taratibu kama sabuni. Besi nyingi za sasa ni poli (rangi ya aina ya plastiki), ngumu kama ganda, haikwishi taratibu, inabanduka vipande vyenye ncha kali. Ndo maana ukipiga msasa besi ya poli ili "izeeke" inatoka kama imegongwa na gari. Kujua ipi ni ipi chukua pamba yenye asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, gusa sehemu iliyofichika mfano chini ya pikigadi (lile bamba la plastiki mbele ya bodi), nitro inalainika na kunata, poli inakaa kimya. (Hiyo hiyo nitro usiiweke kwenye stendi ya mpira, mpira unaila rangi, ukija asubuhi unakuta alama ya milele.)

Ukishanunua, hamu itakuwa kuanza kukwangua. Subiri kwanza. Funga nyuzi unazopenda, rekebisha shingo na briji, icheze wiki mbili. Kama unataka ule mdundo mzito uliojaa kifua weka nyuzi bapa, zile zenye uso laini usio na mikunjo, James Jamerson, mpiga besi wa studio za Motown Marekani, alirekodi na Precision ya 1962 yenye nyuzi bapa nene ambazo alikuwa hazibadilishi mpaka ikatike, na sponji chini ya kava la briji. Kipande cha sponji ya kawaida kilichobanwa chini ya nyuzi karibu na briji kinakupa nusu ya hiyo sauti bure kabisa, jaribu kabla hujatoa hela ya pikapu mpya. Kumbuka tu nyuzi bapa nyingi zinavuta zaidi, shingo itainama kidogo na utarudi kukaza.

Kukaza kwenye besi ambayo sehemu ya kukaza imefichwa chini ya shingo, legeza nyuzi, fungua zile skrubu nne, geuza robo mzunguko, rudisha, tyuni, pima. Ndio inachosha. Ukirudisha skrubu zizungushe kinyume kwanza mpaka usikie imedondoka kwenye njia yake ya zamani ndo ukaze, ukilazimisha unachimba njia mpya na baada ya mara nne tano mbao inakuwa haishiki kitu.

Kama sauti bado haijakukaa, anzia kwenye nyaya kabla ya pikapu. Poti za 250k (kiloomu) na kapasita ya toni ya mikrofaradi 0.047 ndo kawaida, ukiweka ya 0.1 ukifunga toni inakuwa nzito zaidi, ni kitu kidogo na unachomea mwenyewe kwa dakika kumi. Ukibadilisha pikapu chagua inayoingia kwenye shimo lililopo. Usichimbe bodi! Na kila ulichotoa kiweke kwenye mfuko mmoja na skrubu zake, siku ya kuuza utanishukuru.

Kuzeesha kunakuja mwisho, na kabla hujagusa msasa jiangalie unavyopiga. Mkono wa kulia unaegemea wapi, dole gumba linakaa wapi juu ya pikapu, kile chuma cha kufungia mkanda wa suruali kinagusa wapi mgongoni mwa besi. Hizo ndo sehemu zinazokwisha kwenye besi iliyopigwa kweli, pamoja na kingo za bodi. Kiraka katikati ya bodi ambapo hakuna kiungo cha binadamu kinachofika kila mpigaji ataking'amua. Anza na mgongo wa shingo maana ndo wenye faida ya kweli kwa mkono, msasa wa 400 mpaka mng'ao uondoke alafu stilwaya laini kabisa ya 0000, ila ziba pikapu kwa selotepu kwanza, sumaku zake zinavuta ule unga wa chuma na hautoki tena. Ukifika kwenye mbao tupu pakia mafuta ya kulinda mbao, matone machache, futa, acha ikauke, rudia. Vitambaa ulivyopakia mafuta ya kitani usivikunje ukatupa kwenye ndoo, vinapata joto vyenyewe mpaka vinawaka moto, vitandaze nje vikauke. Na vaa barakoa ukipiga msasa.

Vyuma vya nikeli vinafifia kirahisi. Chukua ndoo yenye mfuniko, mimina siki chini, ning'iniza vyuma juu bila kugusa siki, funga usiku mmoja, asubuhi suuza na maji yenye magadi na ukaushe vizuri. Kromu ni mkaidi, siki haiwezi, na watu wanakimbilia asidi kali, mi siishauri kabisa kwa mtu anayefanyia nyumbani. Funguo za kutyunia kichwani usizitie zima zima, ndani kuna gia, zeesha vifuniko na vishikio tu, na skrubu ndogo za briji ziache, zikishika kutu huwezi tena kurekebisha urefu wa nyuzi. Pikigadi nyeupe iloweke kwenye chai nzito ya moto kiasi, sio ya kuchemka maana plastiki inajikunja, uichungulie kila nusu saa.

Kisha funga kila kitu, tyuni, na wiki moja baadae pima tena ile nafasi ya freti ya 7. Yangu ya pili ilitaka robo mzunguko, ya tatu haikutaka kitu.