Kabla ya Kusajili Jina la Tovuti: Mambo ya Kuzingatia

Mara nyingi jina la tovuti husikika kabla ya kusomwa. Mteja hulisikia redioni au hutajiwa na jirani, ndipo aende kuliandika mwenyewe. Kwa hiyo, kabla hujalipia chochote, mtamkie mtu jina hilo mara moja tu na umwombe aliandike. Tahajia ya Kiswahili hutusaidia sana hapa, lakini mtego upo pale maneno yanapounganishwa, kwa sababu jina la domeini, yaani hilo jina la tovuti, haliruhusu nafasi kati ya neno na neno. Tuseme mfanyabiashara wa asali wa Tabora anataka kujiita dukalaasali.co.tz: “a” mbili zimegusana katikati, na wengi wataandika moja na kupotea. Asaliyatabora ingemwondolea usumbufu huo, ingawa itambana siku atakapoanza kuuza asali ya Singida. Kistari kinaruhusiwa, mradi kisiwe mwanzoni wala mwishoni, lakini kila anayelitaja jina atalazimika kukitamka, na ni heri kukiepuka.

Kuhusu mwisho wa jina, .co.tz ni kwa ajili ya biashara na .or.tz kwa mashirika yasiyo ya kibiashara, ilhali .go.tz ni ya serikali pekee. Ambaye wateja wake wako Tanzania anatoshelezwa na .co.tz; akiwa na uwezo, achukue na .com ili mwingine asije akaikalia. Bei ya chini ya mwaka wa kwanza isikuvutie kabla hujauliza ada ya kuhuisha.

Chunguza pia kama jina hilo lina mwenyewe. Kusajili jina la biashara BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, hakukupi domeini, na kuwa na domeini hakukupi haki ya alama ya biashara. Tangu 1999 upo utaratibu wa ICANN, shirika linaloratibu majina ya domeini duniani, ambao kwa huo mwenye alama anaweza kumnyang’anya jina la .com mtu aliyelisajili kwa nia mbaya.

Jambo linaloumiza wengi, hata hivyo, ni umiliki. Fundi anayekutengenezea tovuti husajili jina kwa taarifa zake mwenyewe, pengine kwa kurahisisha kazi tu, na mkikosana au akibadilisha namba ya simu, unabaki huna kauli juu ya jina ulilolilipia. Kabla ya malipo, kubalianeni kwamba sehemu ya mmiliki itaandikwa jina lako au la kampuni yako, na kwamba nenosiri la akaunti ya usajili utakuwa nalo wewe. Barua pepe ya mawasiliano nayo isiwe ya domeini hiyohiyo, kwani jina likiisha muda na barua pepe hukatika, na ilani za msajili, yaani kampuni iliyokusajilia jina, hazitakufikia.

Kwa .com, msajili anaweza kukuvumilia hadi siku 45 baada ya muda kwisha. Akilifuta, unabaki na siku 30 za kulikomboa, kwa kawaida kwa ada kubwa zaidi, kisha siku 5 baadaye linaachiwa yeyote. Unaweza kulipia hadi miaka 10 kwa mkupuo, ila kwa biashara changa miaka miwili au mitatu inatosha, mradi tarehe ya mwisho iandikwe kwenye kalenda ya mtu anayeshughulikia malipo.