Kabla ya Kuagiza Fremu ya Kaboni Isiyo na Jina: Mambo ya Kuzingatia kwa Mtu wa Tanga

Kabla hujatuma hata dola moja China, ipeleke baiskeli unayoendesha sasa kwa fundi wako, chukua futi, daftari na penseli, mkae mwandike vipimo. Mimi mara ya kwanza sikufanya hivyo. Fremu yangu ilifika Tanga salama, nyeusi, nyepesi hata unainyanyua kwa kidole, na pale Ngamiani watu wakapokezana kuishika kama mtoto mchanga. Kisha fundi wangu, mzee aliyekuwa akifunga Phoenix tangu sijazaliwa, akatia kidole kwenye tundu la chini linalobeba ekseli ya pedeli, akakizungusha, akaniuliza: "Mwanangu, hesi iko wapi?" Hesi haikuwepo. Tundu lilikuwa laini, linataka beringi za kushindiliwa kwa kifaa maalumu, na sikumjua fundi hata mmoja mjini mwenye kifaa hicho. Fremu ikakaa ukutani miezi minne.

Nawaona vijana wanaotoka Raskazone alfajiri kwenda Muheza na kurudi kabla jua halijakaza. Wengi wananiuliza habari za fremu hizi. Ningependa wazipate, maana bei yake ndiyo pekee inayomwezesha mtu wa kipato chetu kupanda kaboni. Ila fremu ikivunjika kwenye mteremko, aliyeitengeneza yuko mbali sana na wewe uliyelala barabarani. Kwa hiyo kila swali liulizwe kabla ya malipo.

Kwanza ujue unanunua nini. Huko China, hasa Xiamen, Shenzhen na Dongguan, kuna viwanda vyenye kalibu zao wenyewe. Kiwanda hutoa fremu za umbo moja na kumuuzia yeyote: kampuni ndogo ya Ulaya inayobandika jina lake, duka, au wewe. Biashara hiyo ni halali. Fremu iliyochorwa Pinarello au Specialized na haikutoka kwao ni jambo jingine kabisa. Hiyo ni bandia. Aliyethubutu kughushi jina hashindwi kughushi karatasi ya majaribio, na hapa nchini Tume ya Ushindani ina mamlaka ya kukamata bidhaa za namna hiyo. Muuzaji akikuuliza "unataka nembo gani?", funga mazungumzo.

Wauzaji pia hupenda kusema fremu yao imetoka kwenye kalibu ileile ya kampuni kubwa. Hata ingekuwa kweli, isikutulize. Fremu ya kaboni hutengenezwa kwa kupanga vipande vya kitambaa cha nyuzi kilicholowekwa resini, tabaka juu ya tabaka, kila kimoja kwa upande wake, kisha vinabanwa ndani ya kalibu na kupikwa kwa joto. Kalibu hutoa umbo tu. Nguvu inatokana na mpangilio wa matabaka: mangapi, yameelekea wapi, yamepishana vipi kwenye maungio, na kama kuna mikunjo au mapovu ya hewa yaliyobaki ndani. Fremu mbili za umbo moja zaweza kuwa kama chapati mbili za kikaango kimoja, moja imeiva na nyingine mbichi katikati. Vivyo hivyo T700 na T800 unazoziona kwenye matangazo: ni majina ya daraja za nyuzi za kampuni ya Toray ya Japani. Nyuzi nzuri zikipangwa ovyo hutoa fremu mbovu, na nyuzi za kawaida mikononi mwa wafanyakazi makini hutoa fremu ya kuaminika.

Ndiyo maana naipa uzito karatasi ya majaribio kuliko maneno yote ya muuzaji. Kiwango cha kimataifa cha usalama wa baiskeli ni ISO 4210. Ndani yake fremu hupigwa kwa uzito unaodondoshwa, kisha husukumwa na kuachiwa kana kwamba mtu anakanyaga pedeli, mizunguko 100,000, na haitakiwi kupasuka. Omba ripoti yenyewe yenye kurasa, picha, tarehe na jina la maabara. Cheti cha ukurasa mmoja hakitoshi. Linganisha namba ya modeli na ile unayonunua. Kisha hakikisha uma wa mbele, ule unaoshika gurudumu la mbele, nao umejaribiwa, maana wengi hukutumia ripoti ya fremu peke yake. Mimi uma naogopa zaidi. Fremu ikianza kupasuka huenda ikakupa mlio au kulegea kwanza. Uma ukikatika, unaanguka kwa uso. Ukiweza, iandikie maabara uwaulize kama ripoti ni yao. Na kama ndoto yako ni mashindano ya kimataifa ya barabara, kumbuka UCI, shirikisho la dunia la mchezo wa baiskeli, huidhinisha modeli mpya za fremu na uma tangu 2011. Isiyo na alama yao inaweza kukufungia mlango.

Sasa turudi kwenye daftari, hapa usiwe na haraka. Tundu la pedeli ndilo la kuuliza kwanza. Lenye hesi, linaloitwa BSA, lina upana wa milimita 68 kwa baiskeli za barabarani na fundi yeyote mzoefu wa Tanga analiweza. Yale ya kushindilia, kama BB86 na PF30, yanataka kifaa chake, na kiwanda kikikosea hata sehemu ndogo ya milimita, beringi hulia kila ukikanyaga. Kwa mtu wa hapa nashauri hesi tu, hata kama fremu itazidi gramu kadhaa. Halafu nafasi ya gurudumu la nyuma: fremu ya breki za kubana ringi huwa milimita 130, na ya breki za diski ni 142 yenye ekseli nene ya milimita 12 inayopita kote. Mtu mwenye magurudumu ya zamani akinunua fremu ya diski hana cha kuhamisha. Atanunua magurudumu, breki, pengine na mikono ya gia, na ile nafuu ya bei itakuwa imekwisha. Andika pia kipenyo cha paipu ya siti, kwa kawaida 27.2, na kama bomba la uma ni jembamba juu na pana chini, maana beringi zake hutofautiana.

Saizi usichague kwa herufi. M ya kiwanda kimoja ni L ya kingine. Omba mchoro wenye vipimo viwili: kimo kutoka katikati ya ekseli ya pedeli hadi juu ya bomba la usukani, na umbali wa mlalo kati ya sehemu hizo mbili. Vilinganishe na vya baiskeli ambayo mgongo wako umekwisha kuizoea.

Na usisahau sikio la gia, kile kipande kidogo cha alumini kinachoshika gia ya nyuma. Kimekusudiwa kupinda au kukatika baiskeli ikianguka ili fremu ipone, na kila fremu ina sikio la umbo lake. Ngamiani yote hutalipata. Agiza matatu kwenye boksi lilelile.

Usafiri ndio huwashangaza wengi. Fremu ina uzito wa kama kilo moja, uma kama gramu 400, mtu anadhani nauli itakuwa ya kilo mbili. Makampuni ya kusafirisha vifurushi kwa ndege hutoza nafasi ambayo boksi linachukua. Boksi la sentimita 100 kwa 60 kwa 25 ukilizidisha na kugawanya kwa 5,000, kama wengi wanavyofanya, unapata kilo 30, nazo ndizo utakazolipia. Kwa njia ya meli, boksi hilohilo ni CBM (mita za ujazo) 0.15, na wakala wanaokusanya mizigo Guangzhou hulichukua kwa fedha ndogo zaidi, ila utasubiri wiki nyingi na litalala chini ya mizigo ya watu. Ukipita njia hiyo lipia kasha la mbao nje ya boksi.

Kwa mzigo wa meli, kodi huhesabiwa juu ya bei pamoja na bima na nauli. Tuseme fremu ni dola 500 na kuileta ni 150: hesabu inaanzia 650. Hapo unaongezwa ushuru wa forodha, na juu ya jumla hiyo VAT ya 18%. VAT peke yake imeshapita dola 117. Mweleze wakala wa forodha kwamba ni fremu tupu, iko kwenye fungu la 8714 la vipuri, tofauti na baiskeli kamili ya 8712, na umuulize makadirio kabla ya kuagiza. Muulize pia kama TBS, Shirika la Viwango Tanzania, watahitaji chochote. Muuzaji atajitolea kuandika dola 40 kwenye ankara "kukusaidia." Kataa. Kutangaza thamani ya uongo ni kosa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, tena fremu ikivunjika njiani, fidia utakayodai ni ya kitu cha dola 40.

Malipo yapitie mahali fedha inaposhikiliwa hadi upokee mzigo. Akaunti ya benki yenye jina la mtu binafsi wakati unazungumza na kampuni ni sababu ya kutosha ya kuondoka. Dhamana nayo isome ukijua kwamba "turudishie tukubadilishie" maana yake ni kulipa zile kilo 30 kwa mara ya pili. Omba waandike kwamba picha na video zitatosha.

Siku boksi linapofika, washa kamera ya simu kabla ya kukata gundi, zunguka pande zote, ndipo ufungue. Mulika tochi ndani ya mabomba uangalie mikunjo na vipande vilivyoning'inia. Gonga polepole kwa sarafu kutoka juu hadi chini: mlio uwe mkali na wa namna moja, ukisikia umefifia mahali pamoja, huenda matabaka yameachana. Weka magurudumu uone kama yamekaa katikati. Usifunge chochote kwanza, maana baadhi ya wauzaji hukataa malalamiko ya fremu iliyofungwa vifaa.

Spana yenye kipimo cha kukaza uwe umeshainunua. Mafundi wetu wamezoea chuma, wanakaza kwa mkono mpaka wasikie "imetulia," na kaboni haivumilii hilo. Nati nyingi za paipu ya siti na usukani huishia kwenye Nm 5 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Namba iliyoandikwa kwenye kifaa ndiyo ya kufuata, na mzee mweleze kwa adabu kabla hajashika alenki.

Mwisho ni chumvi, jambo ambalo muuzaji hawezi kukuambia kwa sababu haishi Tanga. Kaboni hupitisha umeme, na ikigusana na alumini penye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Paipu ya siti ya alumini huota unga mweupe ndani ya fremu, ikavimba, ikaganda. Jirani yangu aliacha yake mwaka mzima. Ilibidi ikatwe kwa msumeno wa chuma vipande vipande, na fremu ikajeruhiwa. Nunua paipu ya kaboni tangu mwanzo, uipake mafuta maalumu yenye chembechembe, grisi ya kawaida hapana, na ichomoe kila mwezi ukaifute.

Sasa hivi nina muuzaji mwingine ninayeandikiana naye, kwa ajili ya binti wa dada yangu anayetaka kupanda kwa baiskeli milima ya Amani. Ripoti ameleta, bei tumeelewana. Mchoro wa tundu la pedeli bado, na nimemwambia fedha haitoki mpaka mzee wa Ngamiani auone.