Jinsi ya kuweka wakfu wa kusomesha wanafunzi wa chuo kikuu

Wengi wanaotaka kuweka wakfu, yaani kuzuia mali isiuzwe ili manufaa yake yawe sadaka ya kudumu, huwaza msikiti au kisima kwanza. Lakini fremu ya duka au shamba la mikarafuu linaweza pia kumfikisha mtoto wa maskini kwenye shahada. Vyuo vya kale vya Kiislamu, Al-Qarawiyyin ya Fez nchini Morocco, inayonasibishwa na Fatima al-Fihri tangu mwaka 859, na al-Azhar ya Cairo, vilitunza wanafunzi na walimu kwa mapato ya wakfu karne nyingi. Naeleza kwa mazingira ya Zanzibar ninakofanyia kazi hii.

Hatua ya 1: Chagua mali inayozaa

Msingi ni maneno ya Mtume (s.a.w.) kwa Omar bin al-Khattab kuhusu ardhi yake ya Khaybar: azuie asili yake na atoe sadaka mazao yake. Kwa hiyo tafuta kitu kinachobaki huku kikitoa. Kiwe chako, kisiwe rehani. Nyumba ya urithi isiyogawanywa ndiyo mama wa kesi za wakfu, basi malizeni mirathi kwa Kadhi kwanza. Na ukiweka wakfu ukiwa kwenye maradhi ya mauti, au ukiusia uanze baada ya kufa kwako, usivuke theluthi ya mali yako.

Unguja na Pemba miti huweza kuwa na mwenyewe mbali na ardhi, na mikarafuu na minazi imewekwa wakfu tangu zamani. Tahadhari yangu ni moja: mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka, ilhali ada ya chuo haingoji msimu. Mwenye shamba azuie sehemu kubwa ya mavuno mazuri kwa ajili ya mwaka wa uhaba.

Je, fedha taslimu? Wanazuoni wengi wa kale wa madhehebu ya Kishafi hawakuikubali, kwa kuwa fedha huondoka inapotumika. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa, yaani baraza la wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, ilipokutana Muscat mwaka 2004, iliiruhusu. Kwa wenye vipato vidogo, naona ni bora mchange mnunue fremu moja, kisha fremu hiyo ndiyo iwe wakfu.

Hatua ya 2: Andika hati

Hapa usifanye haraka, maana masharti ya mwekaji ndiyo yatakayofuatwa ukiwa haupo. Anza hivi: “Nimeiweka wakfu fremu yangu iliyopo mahali fulani, haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi.” Kisha mtaje mnufaika kwa sifa zake. Ukiandika jina la chuo au fani moja, chuo kikifungwa au fani ikifutwa, wakfu utakwama. Andika “mwanafunzi Muislamu mhitaji aliyepata nafasi katika chuo kinachotambuliwa na serikali”, na ukipenda uongeze “akitangulia wa kizazi changu”. Taja pia mapato yaende wapi pakikosekana mwanafunzi, kwa mfano madrasa ya mtaa. Mashahidi watie saini.

Hatua ya 3: Piga hesabu kabla ya kumuahidi mtu

Tuseme fremu inaleta shilingi 400,000 kwa mwezi, yaani 4,800,000 kwa mwaka. Matengenezo hutangulia hata kama hati haikuyataja, kwa sababu paa likianguka na wakfu umeanguka. Toa asilimia 20, ambayo ni 960,000. Weka akiba asilimia 10, yaani 480,000, kwa miezi ambayo fremu haina mpangaji. Zinabaki 3,360,000. Ada ikiwa 1,500,000, una wanafunzi wawili, na 360,000 za vitabu.

Wawili hao ni kwa miaka yote mitatu ya shahada. Usichukue wengine wawili mwaka wa pili! Nawasihi sana wasimamizi juu ya hili: kijana anayeachwa njiani akiwa mwaka wa pili huumia kuliko ambaye hakuahidiwa kitu. Kama mwanafunzi ana mkopo wa serikali, wakfu uzibe pengo la malazi, chakula au mafunzo kwa vitendo, na hapo utawafikia zaidi ya wawili.

Hatua ya 4: Sajili na teua mutawalli (msimamizi wa wakfu)

Zanzibar, nenda Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana na hati, uthibitisho wa umiliki na vitambulisho. Kenya kuna Makamishna wa Wakfu, Mombasa. Tanzania Bara, wengi husajili bodi ya wadhamini RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini). Teua mutawalli mwaminifu anayejua hesabu, na utaje atakayemrithi. Kodi ya mpangaji iingie kwenye akaunti ya wakfu yenyewe, yenye saini mbili.

Hatua ya 5: Chagua na ulipe

Fomu iwe fupi: barua ya kukubaliwa chuoni, matokeo, barua ya sheha (kiongozi wa serikali wa mtaa wenu) kuhusu hali ya nyumbani. Watu watatu wakae kuamua, na mwenye ndugu kati ya waombaji atoke. Ada ilipwe moja kwa moja chuoni. Posho ndiyo impitie mwanafunzi. Kila muhula alete matokeo. Akifeli somo, muite umsikilize kabla ya kusimamisha malipo, kwani mara nyingi sababu ni njaa au kodi ya chumba. Usimdai alipe akihitimu: hii ni sadaka, si mkopo. Hesabu za mwaka zifungwe na kusomwa mbele ya familia kabla udahili mpya haujafunguliwa, ili kamati ijue kama kuna nafasi ya kutangaza.