Somo: Kusaka vitu vya kale kwenye ardhi iliyojaa misumari kwa detekta ya zamani

Wakuu, wengi wetu tukifika kwenye kiwanja cha nyumba iliyobomoka na detekta, yaani mashine ya kutafutia vyuma ardhini, ikaanza kulia kila inchi, tunakunja vifaa na kuhamia kwenye uwanja ulio kimya. Msihame. Uchafu huo ndio uliowafukuza waliotangulia, ndiyo maana vifungo, bizimu na sarafu bado vimo. Detekta yenye nobu tatu na isiyo na skrini inaiweza kazi hii, ila si kwa mtindo wa shamba safi.

Ruhusa ya mwenye ardhi kwanza, na sheria ya mambo ya kale ya mahali ulipo. Hapo hakuna mjadala.

Adui yetu ni kufunikwa. Kipande cha chuma kikikaa jirani na kifungo cha shaba, milio yao huungana na mashine hukisikia chuma tu. Tatizo hili ni la siku nyingi: mwaka 1881 Alexander Graham Bell, mvumbuzi wa simu, alijaribu kuitafuta kwa mtambo wake risasi iliyokuwa mwilini mwa Rais Garfield wa Marekani. Hakuipata, na springi za chuma za godoro la mgonjwa hutajwa miongoni mwa sababu.

Hatua ya 1: Mashine yenyewe. Weka betri mpya, safisha vyuma vinavyogusana nazo kama vimeota kutu. Kila nobu izungushe mbele na nyuma mara kadhaa, maana vumbi la ndani hukwaruza na utadhani umepata kitu. Waya wa koili (ile sahani ya chini inayonasa vyuma) uzungushie mpini ukaze. Vaa hedifoni. Kwenye uchafu tunatafuta nusu mlio, na spika ya nje haikupi.

Hatua ya 2: Koili ndogo. Sentimita 10 hadi 15 inatosha. Koili kubwa huona misumari mitano kwa mpigo, ndogo huona miwili na kupenya katikati yake. Utapoteza kina, lakini kina hukihitaji kwanza, kwa sababu mengi yaliyoachwa hapo yalifunikwa tu, hayakuzama.

Hatua ya 3: Mchujo, yaani nobu inayozima milio ya vyuma usivyovitaka. Hapa ndipo watu wanapoharibu. Mashine ikilia sana wanapandisha mchujo hadi pawe kimya, wanafurahi. Kimya hicho kina gharama: kila msumari unaozimwa huiacha detekta ya zamani ikiwa kiziwi kwa kitambo kidogo, na kitu kizuri kilicho sentimita chache mbele kinapita humo humo. Isitoshe, foili, vipande vyembamba vya madini ya risasi, vifungo vidogo na dhahabu nyembamba viko karibu karibu kwenye kipimo. Ukiizima foili, umezizima na pete.

Fanya jaribio hili kabla ya kutoka. Chukua ubao, weka sarafu moja, izungushe misumari mitatu minne yenye kutu kwa umbali wa vidole viwili. Pitisha koili mchujo ukiwa juu, kisha uushushe kidogo kidogo. Kuna mahali msumari utaacha kuwa kimya na kuanza kulia kwa kukatika katika, huku sarafu ikitoa ncha ya mlio. Weka alama ya kalamu hapo kwenye nobu. Hiyo ndiyo sehemu yako ya kazi.

Hatua ya 4: Punguza usikivu. Robo au zaidi. Mashine iliyotulia husema ukweli zaidi.

Hatua ya 5: Kupepea. Pitisha kwa mikupuo mifupi, koili ikigusa nyasi, kila mkupuo ukilalia nusu ya uliotangulia. Kwa mashine nyingi, polepole. Lakini baadhi ya detekta za mwanzo zenye mchujo wa mwendo, yaani unaofanya kazi koili ikitembea tu, zilitengenezwa zitake mkono mwepesi. Ukizipeleka polepole hazisikii kitu. Ubao wako utakuambia yako ni ya aina gani. Ukimaliza eneo, lipite tena kwa kulikata msalaba. Msumari unaofunika kutoka kaskazini huenda haufuniki kutoka mashariki.

Hatua ya 6: Kuamua. Ukisikia mlio, zunguka robo duara uupitie tena. Ukigeuka kuwa mkwaruzo, mara nyingi ni msumari. Ukibaki, hata kama ni upande mmoja na nusu, chimba. Vyuma vya duara kama washa na pete za mnyororo vitakudanganya, navyo humdanganya kila mtu.

Hatua ya 7: Shimo. Likague tena baada ya kutoa kitu, kisha ondoka na vyuma vyote ulivyochimba, usivirudishe, kwa kuwa chini yake huenda kuna vitu vizuri vilivyokuwa vimefichwa navyo. Ukikuta kitu kinachofanana na bomu au kombora, usikiguse. Ondoka, toa taarifa.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, nikishusha mchujo hivyo kichwa kinauma kwa makelele. Nifanyeje?*
Punguza sauti, na usifanye kiwanja kizima. Pima mraba wa hatua mbili kwa mbili, umalize, upumzike. Masikio yakichoka unaanza kupuuza milio mizuri.

*Koili ya DD (yenye waya mbili za umbo la D) au ile ya duara ndani ya duara?*
DD husikia kwa ukanda mwembamba, kwa hiyo hutenganisha vizuri vitu vilivyobanana. Ila visoda vya bati huvipenda mno. Kama uchafu wako ni visoda zaidi ya misumari, ile nyingine itakupunguzia mashimo ya bure.

*Kwa nini nisinunue mpya tu?*
Ukiwa na hela, nunua ndugu yangu. Mpya huamka haraka zaidi baada ya msumari, hilo sibishi. Kama huna, tafuta koili ndogo, ila iwe ya modeli yako hasa. Plagi kuingia hakuna maana kwamba koili inaendana na mashine.

*Nimepata kifungo cha shaba kina kijani. Nikiloweke kwenye siki?*
Hapana! Siki itakula hicho kijani pamoja na maandishi yaliyobaki. Suuza kwa maji safi, toa udongo kwa kijiti cha mbao, kiache kikauke. Kama hakina thamani kwako, jaribu siki kwenye kilichovunjika kwanza uone.